Mwandishi wa Kujitegemea: Yasemwayo na Yalivyo

"Huyo si mwandishi, ni kanjanja," yaani mbabaishaji asiye na sifa za kazi. Ndivyo anavyoitwa haraka kila asiye na chumba cha habari nyuma yake. Ukanjanja upo, tena umetuchosha, ila hauhusiani na kuajiriwa au kutoajiriwa. Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Wa kujitegemea hakusamehewa. Akivuka kwenda Unguja, anakuta Zanzibar ina sheria yake ya habari, ya 1988, na utaratibu wake wa vibali.

"Wewe ni wa burudani, siasa waachie wenzio." Hii ndiyo inayonichekesha kuliko zote. Taarabu yenyewe haijawahi kukaa mbali na wakubwa: kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905, enzi za masultani, na kingine, Culture Musical Club, kikachipuka 1958 kwa vijana wa chama cha Afro-Shirazi. Mwaka 1992, mwaka uleule vyama vingi viliporudi, CCM ikaanzisha kikundi chake cha sanaa, Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Khadija Kopa akaimba humo, Nasma Khamis akajibu kutoka kikundi pinzani cha Muungano, na wenye kutunza wakashindana kwa noti. Aliyekuja kustarehe alisikia wanawake wawili wakirushiana mipasho. Mwandishi anayeijua kazi yake alitakiwa pia aone chama kikijiandaa kwa uchaguzi wenye wapinzani.

Halafu kuna Machi 2017. Mwanamuziki wa rap Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo ulioigusa serikali. Siku iliyofuata Waziri wa Habari, Mwakyembe, ndiyo kwanza ana siku chache wizarani, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameelekeza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Stori hiyo iende dawati gani? Aliyezoea kuuliza "albamu inatoka lini?" alikuwa na kazi ngumu wiki ile.

"Anazunguka bure, analala hotelini." Chukua Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na hufanyika Februari, Mji Mkongwe. Kitambulisho cha mwandishi kinamwingiza Ngome Kongwe, kwenye jukwaa la tamasha, basi. Nauli ya boti, chumba na bando ni juu yake, na Februari ni msimu wa watalii, bei hazishikiki. Alasiri anamvizia mwanamuziki akitoka kujaribu vyombo. Simu ameikata mtandao, maana ikiita rekodi inakatika. Nyuma yao fundi mitambo anagongagonga ngoma ileile akitafuta sauti, na nusu ya majibu yanamezwa. Dakika kumi zikipatikana, alhamdulillahi. Usiku anasikiliza hadi kikundi cha mwisho, ndipo aandike. Malipo ni baada ya kuchapwa, na wapo wahariri ambao wakishachapa hawapokei tena simu.

Safari za kualikwa zipo kweli, hoteli ikilipa kila kitu. Hapo msomaji ana haki ya kuambiwa, ndani ya makala yenyewe, nani aligharamia. Wengi hawamwambii.

"Yuko huru, hana bosi." Anao wengi, kila mmoja na tarehe yake ya mwisho. Safari moja ili irudishe gharama lazima izae ripoti ya redio, makala ya gazeti na picha za kumuuzia mwingine. Mkataba wa gazeti ukichukua haki zote, hayo mengine yamekufa.

Na bahasha je, zile hela wanazopewa waandishi na wenye mkutano? Husemwa kwamba asiye na mshahara ndiye anayeishi kwa "nauli" za mikutano na waandishi. Mkutano ukiisha, simama karibu na ile meza ya kusaini posho uangalie foleni. Waliokuja na magari ya ofisi zao wamo, na mara nyingi ndio walio mbele.