Jaguar ya kwenye Spectre haikuwa haibridi

Wengi waliotazama Spectre (2015), filamu ya James Bond, huamini ile Jaguar C-X75 iliyofukuzana usiku mitaani Roma ndiyo haibridi yenyewe, yaani gari linalounganisha injini na mota za umeme. Sivyo. Magari ya sinema yalifungwa injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.0, petroli tupu, chini ya bodi inayofanana na ya haibridi.

Haibridi ilionyeshwa Paris mwaka 2010 ikiwa na mota nne za umeme, moja kwa kila gurudumu, na tabaini mbili ndogo (injini za gesi zinazozunguka kama za ndege) za kuchaji betri. Magari ya majaribio, yaliyoundwa pamoja na Williams, kampuni ya mbio za Formula 1, yaliachana na tabaini yakatumia injini ya lita 1.6 (ndiyo, kama ya gari dogo la kawaida!) na mota mbili. Yalikimbia vizuri tu. Mradi ulifutwa Desemba 2012 kwa sababu ya hali ya uchumi.