Hita ya Karavani Inapuliza Baridi? Pima Volti Kabla ya Kununua Bodi

Simu ililia saa nne usiku, mwishoni mwa Oktoba, na kabla hata ya salamu nikasikia feni. "Fundi, hebu sikiliza," akasema yule dada, akaisogeza simu karibu na sakafu. Feni ikavuma. Dakika ikapita, ya pili ikapita, inavuma tu. Sikusikia tik-tik-tik ya cheche wala ule mguno wa moto unaposhika.

Dada huyu ni muuguzi, mtu wa Kisii, na ameishi hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, miaka mingi. Yeye na mumewe walinunua karavani ya kuvutwa (nyumba ndogo ya magurudumu) ya mwaka 1993 ili waende nayo kuvua samaki kaskazini. Usiku ule walikuwa wameegesha kando ya ziwa, mahali pasipo na umeme wa kuchomeka, nje nyuzi 4 chini ya sifuri, na watoto wawili wamejikunyata ndani ya mablanketi. Wiki mbili kabla, hita ilikuwa imetoka kwa fundi. Walibadilishiwa bodi, ile saketi inayoongoza hita, wakalipa, wakaonyeshwa moto ukiwaka. "Kwake iliwaka, huku imegoma. Ina jini hii?"

Nilimwuliza jambo moja: kule kwa fundi, karavani ilikuwa imechomekwa kwenye umeme wa ukutani? Ndiyo, ilichomekwa. Basi jini nikamjua.

Nikauliza kama kengele ya kaboni monoksidi inafanya kazi (waliinunua mpya, shukrani), halafu nikamwambia mumewe awashe pikapu yao, ile plagi ya pini saba inayounganisha gari na karavani ikiwa mahali pake, wote wakae macho na dirisha likiwa wazi kidogo upande usio na moshi. Baada ya kama dakika kumi nikapata ujumbe: imewaka. Wakapasha chumba, wakazima injini, wakarudia mara mbili usiku ule, na asubuhi wakaja kwangu.

Karavani za Marekani zina mifumo miwili ya umeme chini ya paa moja. Wa kwanza ni wa volti 120, unaoingia kwa ule waya mnene wa nje na kuendesha kiyoyozi, maikrowevu na soketi za ukutani. Wa pili ni wa volti 12 kutoka kwenye betri: taa, pampu ya maji, bodi ya friji, kengele ya gesi na feni ya hita. Katikati ya mifumo hiyo inakaa konveta, ambayo ukishachomeka nje inageuza 120 kuwa 12 na kuchaji betri papo hapo. Watu wakisikia "hita ya gesi" wanadhani umeme haumo. Joto linatoka kwenye gesi, lakini bila volti 12 vali haifunguki.

Ukipandisha termostati (kidhibiti cha joto), relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inangoja sekunde kadhaa kisha feni inaanza kuzunguka. Feni ikishafika kama robo tatu ya kasi yake, upepo unasukuma kibati chepesi kilichokaa njiani. Mimi nakiita swichi ya upepo. Kikisukumwa vya kutosha, umeme unapita, unavuka swichi ya joto (inayokata hita ikizidi moto), unafika kwenye bodi. Bodi inafungua vali ya gesi na kupiga cheche kwa pamoja, na ina sekunde kama saba za kuuona moto. Isipouona inafunga vali. Bodi nyingine hujaribu mara tatu, nyingine mara moja tu, kisha zinasusa mpaka uzime termostati na kuiwasha upya.

Ukiujua mpangilio huo, sikio lako ni kipimo cha kwanza. Kimya kabisa maana yake tafuta kwenye fyuzi, termostati au relei. Feni inavuma bila cheche, swichi ya upepo haijafunga: ama feni imechoka, ama kibati kimenata kwa nywele za mbwa na vumbi la zulia. Cheche zinapiga bila moto, gesi haifiki. Moto unashika halafu unakufa baada ya sekunde chache, bodi haiuoni huo moto, na hapo natazama kiwashio na waya wake kwanza, maana mwanya wa ncha zake unatakiwa uwe kama milimita 3 na kutu haivumiliwi.

Hita ya dada ilikuwa ya kundi la pili. Fundi wa kwanza aliona hakuna cheche, akahukumu bodi. Sitamcheka, wengi tumeanza hivyo. Kosa lake lilikuwa kupima akiwa amechomeka ukutani.

Haya ndiyo niliyoyakuta asubuhi. Betri ikiwa imepumzika, mita ya umeme ilisoma volti 12.5. Betri ya risasi iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7, na ikifika 12.2 imebaki nusu, kwa hiyo hii ilikuwa nzima. Wengi huishia hapo. Mimi nikawasha hita na kupima feni ikizunguka. Kwenye vichwa vya betri: 12.1. Kwenye nyaya zinazoingia hita: 10.0. Hita hizi nyingi zinataka angalau 10.5. Kwa volti 10 feni inazunguka na kupuliza, ukiweka mkono unaona upepo upo, lakini haufiki nguvu ya kusukuma kibati.

Volti 2.1 zimepotelea njiani. Wapi? Hapa kuna kipimo ambacho mafundi wengi wa magari wanakijua lakini wenye karavani hawakijui, na hakihitaji kufungua chochote. Acha mzigo ufanye kazi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye waya hasi wa hita. Kwa kuwa zote mbili ni hasi, mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma 1.7. Upande wa chanya, kwa mtindo huohuo, 0.4, ambayo kwa karavani ya miaka thelathini na ushee naikubali.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye ethi. Karavani hizi hutumia chasisi ya chuma kama waya wa kurudishia umeme, na waya hasi wa betri unafungwa kwa boliti moja mbele, chini ya masanduku ya betri, mahali panaporushiwa kila kitu kinachotoka barabarani. Huku majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mimi nimekulia Tanga, chumvi naijua tangu utoto: mabati ya bandarini, baiskeli ya marehemu babu iliyoliwa fremu ikabaki kengele. Boliti ile ilikuwa hivyohivyo. Kwa macho imekaza, ukiigusa haichezi, lakini kati ya kikuku cha waya (ile pete ya mwisho wake) na chuma palikuwa na unga wa kutu. Feni ya ampea 7 ikipita hapo, kutu ilikuwa inakula karibu wati 12, joto linaloishia kwenye boliti badala ya chumbani.

Nilisugua chuma mpaka kikang'aa, nikaweka kikuku kipya, pete ya chuma yenye meno (washa) na boliti mpya, nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Upande wa hasi ukashuka hadi 0.1. Kwenye hita nikapata 11.6. Sauti ya feni ilibadilika kabla sijatazama mita, ikapanda kama mtu aliyepata pumzi, kisha tik, mara moja, moto.

Na yale ya kuchomeka? Konveta ikifanya kazi inatoa volti 13.6 hivi. Hata ukiondoa zile 2.1 zote, hita inabakiwa na 11.5, inawaka bila taabu. Ndiyo maana iliwaka kwa fundi, na ndiyo maana iliwaka pikapu ilipokuwa inachaji. Karavani inayofanya kazi ikichomekwa na kugoma ikiwa kwa betri karibu kila mara inakuambia habari ya volti.

Kuna watu wataona nimesema swichi ya upepo haikufunga, waende kuiunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya. Kwa kupima, nusu dakika, umesimama hapo, sawa. Kuiacha hivyo ni kuwasha moto ndani ya boksi lisilo na upepo. Nimeshawahi kufungua hita ya namna hiyo, chemba yake imepasuka, na mwenye mali alikuwa analala mita moja kutoka hapo.

Jambo la rangi za waya ninalirudia kila mwaka. Aliyezoea magari ya kawaida anajua nyeusi ni hasi. Kwenye karavani nyingi za zamani za Marekani, nyaya za betri ni nyeupe na nyeusi, na nyeusi ndiyo chanya. Nyeupe ndiyo hasi. Mtu ananunua betri mpya, anafunga kwa mazoea, cheche kubwa, halafu kila kitu cha volti 12 kinakufa. Kabla hujalia, angalia kwenye paneli ya konveta. Kwa kawaida kuna fyuzi moja au mbili kubwa, za ampea 30 au 40, zilizowekwa kwa ajili ya kosa hilohilo. Zikiwa zimekatika, umesalimika kwa bei ya chai.

Upande wa volti 120 hauna huruma hiyo. Plagi ya karavani ya ampea 30 ina pini tatu na inahitaji volti 120. Fundi wa nyumba asiyezijua karavani akiiona, anaifananisha na soketi ya mashine ya kukaushia nguo na kuipa 240. Sisi tuliokua na 240 ukutani hatushtuki, namba inaonekana ya kawaida. Lakini karavani ikichomekwa hapo, konveta na maikrowevu vinaungua kabla hujafika mlangoni. Ukiwekewa soketi mpya nyumbani, ipime kwanza kwa mita, hata kama fundi ni shemeji yako.

Na ukishika mpini wa mlango ukiwa umesimama kwenye majani mabichi ukasikia kutekenywa, usipuuze. Mwili wote wa karavani umepata umeme, kwa kawaida kwa sababu ethi (waya wa usalama) ndani ya ule waya mnene wa nje imekatika. Zima kwenye chanzo, kwa breka (swichi ya kukatia umeme), kabla ya kugusa tena. Hili si la kusubiri Jumamosi.

Hita ndogo za umeme za sakafuni ni kishawishi kingine. Moja ya wati 1500 inavuta ampea 12.5 mfululizo usiku kucha, kupitia soketi za karavani ambazo nyingi zimebanwa tu kwenye waya bila skrubu. Mbili kwa pamoja kwenye huduma ya ampea 30, ukiongeza konveta na kikaangio, plagi ya nje inaanza kuyeyuka. Ipapase baada ya saa moja. Ikiwa ya moto kiasi cha kuuondoa mkono, badilisha plagi, na punguza mzigo.

Gesi nimeiacha nyuma makusudi, kwa kuwa mara nyingi ndiyo isiyo na hatia. Ila mambo mawili. Nyigu wanaojenga kwa udongo na buibui wanapenda tundu la kutolea moshi la hita iliyokaa kimya kiangazi kizima, kwa hiyo lisafishe kabla ya msimu. La pili ni baridi yenyewe. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na huku tunakaribia 30 chini baadhi ya usiku. Mtungi uliobaki robo, kwa baridi hiyo, hautoi mvuke wa kutosha ingawa ukiutikisa unasikia gesi imo. Butani ndiyo kabisa, inakoma kuchemka karibu na sifuri. Mtungi wenye mchanganyiko wa butani kama tunaopikia kule nyumbani Afrika Mashariki ungelegea sana kwenye baridi ya hapa. Ukishuku uvujaji, tumia sabuni ya maji na macho yako. Kiberiti kiache mfukoni.

Betri nayo ina hesabu yake. Betri ya kawaida ya karavani ina kama ampea-saa 80 (yaani ampea 1 kwa saa 80), na usiitumie chini ya nusu. Hita ikiwaka nusu ya muda inakula ampea-saa 3.5 kila saa. Saa kumi na mbili za giza zinamaliza 42, na bado hujawasha taa, ambazo kwa karavani za miaka ile ni globu zinazovuta karibu ampea moja na nusu kila moja. Badilisha globu ziwe LED kabla ya kufikiria betri ya pili. Ni kazi ya nusu saa na watoto wanaweza kukusaidia.

Ile bodi ya zamani ya dada, aliyoondolewa na fundi wa kwanza, ilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti. Nikaomba niirudishe kwenye hita kwa dakika tano. Ikawaka mara ya kwanza. Mumewe akaitazama, akanitazama, akaifunga tena kwenye ule mfuko na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino: NZIMA.