Maafa hayapimwi kwa ukubwa wa mafuriko: dhana potofu kuhusu kuchunguza huduma za jamii baada ya janga

Mvua za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Zikileta madhara, taarifa za kwanza hutaja nyumba zilizobomoka, ekari zilizosombwa na madaraja yaliyokatika. Hesabu hizo zinahitajika, ila hazimwambii mtendaji wa kata ni huduma gani imesimama, kwa kiasi gani, na ianze kurudishwa ipi.

Mfumo wa Utstein, yaani mwongozo wa kutathmini na kuchunguza maafa, ulitengenezwa kujaza pengo hilo. Ulichapishwa mwaka 2003 na wataalamu wa tiba ya maafa wakiongozwa na Knut Ole Sundnes wa Norway na Marvin Birnbaum wa Marekani. Jina ni la monasteri ya Utstein, Norway, ambako mwaka 1990 madaktari walikutana kutafuta namna moja ya kuripoti moyo uliosimama ghafla. Baadaye wazo lile lile, la watu wote kupima kwa kipimo kimoja, likapelekwa kwenye maafa.

Dhana: Tetemeko au mafuriko ndiyo maafa yenyewe.

Mfumo huu unatenganisha mambo ambayo kwa kawaida tunayasema kwa pumzi moja. Kwanza ipo hatari inayosubiri: Bonde la Ufa la Rukwa, au mteremko wa udongo wa volkano juu ya Tukuyu. Kisha linakuja tukio, yaani saa ambayo ardhi inatikisika au mteremko unaachia. Tukio huleta uharibifu kwa watu, majengo na mazingira. Uharibifu hupunguza huduma. Maafa huja pale huduma zinaposhuka hadi jamii haiwezi kujitosheleza bila msaada wa nje.

Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko la takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kuwahi kupimwa Afrika Mashariki. Tetemeko la ukubwa huo likirudi leo litakuta Mbeya na Sumbawanga zenye hospitali kubwa, mabomba ya maji, nguzo za umeme na maelfu ya nyumba za matofali. Tukio ni lile lile, lakini maafa yatakuwa mengine kabisa.

Kati ya hatua na hatua kuna vizuizi viwili, na mara nyingi watu hukiona kimoja tu. Cha kwanza ni uwezo wa kuhimili: tukio linapita bila kuvunja kitu, kwa mfano daraja lililoinuliwa juu ya kina cha mafuriko. Cha pili ni uwezo wa kufidia: kitu kimevunjika, lakini huduma inaendelea. Chukua Mlima Kitonga. Barabara ikifungwa pale, malori ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya yanakwama. Lakini ipo lami ya Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera, na ipo reli ya TAZARA inayopita Makambako. Ni safari ndefu zaidi na gharama inapanda, lakini usafirishaji haufi. Mtafiti anayeripoti tu kwamba “barabara kuu imefungwa” hajasema bado kama kuna maafa.

Dhana: Jengo likisimama, huduma ipo. Likianguka, huduma imekufa.

Kosa hili ndilo linalopotosha tathmini nyingi kuliko mengine. Zahanati inaweza kubaki na kuta zote nne, na bado isitoe chanjo: umeme umekatika, jokofu limepanda juu ya nyuzijoto 8, na muuguzi yuko ng’ambo ya mto. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kwa hiyo swali la kuuliza zahanatini ni joto la jokofu kwa saa 48 zilizopita na idadi ya wahudumu waliofika kazini leo. Nyufa za ukutani zinaandikwa sehemu nyingine ya fomu.

Kinyume chake pia kinatokea. Aprili 2024, maporomoko ya udongo kutoka Mlima Kawetele, kata ya Itezi jijini Mbeya, yalifukia nyumba na shule. Kwa upande wa elimu, kipimo cha tukio kama hilo ni wanafunzi wangapi wamerudi darasani popote pale, na baada ya siku ngapi. Wakipokewa shule ya jirani Jumatatu inayofuata, uharibifu ni mkubwa lakini huduma imeshuka kidogo. Wakikaa nyumbani mwezi mzima, hali ni nyingine, hata kama paa moja tu ndilo lililong’oka.

Mfumo unagawa kazi za jamii katika makundi: tiba, afya ya jamii, maji na usafi wa mazingira, makazi na mavazi, chakula, nishati, uokoaji, ujenzi na miundombinu, mazingira, usafirishaji, usalama, mawasiliano, uchumi na elimu. Juu ya yote kuna uratibu, ambao nao unatakiwa kupimwa kama huduma nyingine yoyote. Kila kundi linapewa viashiria vyake, vichache na vinavyohesabika.

Dhana: Mahitaji hujulikana kwa kuwauliza waathirika wanataka nini.

Kuwasikiliza ni lazima, ila hitaji linakokotolewa. Ni kiasi kinachotakiwa ukitoa kiasi kilichopo. Tuseme kijiji cha Kyela chenye watu 3,000 kimepoteza visima vyake kwa mafuriko. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vya Sphere, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 45,000. Bomba lililobaki linatoa lita 18,000. Pengo ni lita 27,000, sawa na safari tatu za boza la lita 10,000 kila siku. Hapo ndipo unapojua uombe boza ngapi na dizeli kiasi gani. Orodha ya “maji, mablanketi, unga” haikupi jibu hilo.

Angalia pia kwamba mwezi mmoja si sawa na mwingine. Mtafiti anayelinganisha kuhara kwa Aprili na kuhara kwa Septemba anaweza kuyabebesha mafuriko ugonjwa ambao huongezeka kila masika. Linganisha Aprili na Aprili ya miaka iliyopita. Takwimu za kabla zipo, tatizo ni kwamba hazitafutwi mapema: vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kwenye vituo vya afya, madaftari ya mahudhurio shuleni, kumbukumbu za jumuiya za watumia maji. Zinakiliwe na kuhifadhiwa nje ya eneo la bonde, kwa sababu ofisi ikifurika, kumbukumbu zinaondoka nayo.

Dhana: Kila sekta ipimwe peke yake.

Huduma hushikana. Barabara ya kijijini Rungwe ikikatika siku mbili, maziwa hayafiki kituo cha kukusanyia, yanaharibika, mfugaji anakosa fedha, na ada ya mtoto inachelewa. Anayepima uchumi bila kuangalia usafirishaji ataona dalili akakosa chanzo. Umeme ndio mbaya zaidi: ukikatika, pampu za maji zinasimama, minara ya simu inabaki na betri, na hospitali inahamia kwenye jenereta. Kwa hiyo kwenye fomu, kando ya kila huduma, weka safu ya “inategemea nini”.

Dhana: Tani nyingi za misaada maana yake kazi imefanyika vizuri.

Tani ni kiasi kilichotolewa tu. Matokeo ni kama huduma imepanda kuelekea ilivyokuwa kabla ya tukio. Magodoro 500 yaliyogawiwa hayasemi kitu mpaka ujue kaya ngapi zilikuwa zinalala sakafuni kabla na baada ya ugawaji. Mfumo unataka pia yaandikwe madhara ambayo hayakukusudiwa. Mchele wa bure ukiingia Kyela wakati wa mavuno unaweza kumshushia bei mkulima aliyenusurika. Kliniki ya muda yenye daktari bingwa nayo ikiondoka ghafla inaacha shimo, kwa sababu watu walishaizoea.

Dhana: Hii ni kazi ya vyuo vikuu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati ya watu wachache inaweza kupima huduma sita: maji, tiba, chakula, njia, mawasiliano na shule. Chagua kiashiria kimoja kwa kila huduma. Andika kiwango cha kawaida sasa, kabla ya Novemba. Tukio likitokea, pima siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, kisha kila wiki, kwa maswali yale yale na ikiwezekana kwa mtu yule yule. Tarehe na saa ziandikwe kila mara. Kipimo kisicho na saa hakiwezi kuonyesha kama maji yalirudi kabla ya boza kufika au baada yake.