Babu yuko Italia, bibi yuko Ganda ya Malindi: mtoto aitwe nani?

Wanandoa mchanganyiko wakija ofisini kwangu hapa Malindi huanza na ya jikoni: pilipili, mavazi, wageni wasiobisha hodi. Nawasikiliza. Lakini mimi ni wakili wa mambo ya familia, na swali langu ni moja: mtoto ataitwa nani? Hapo ndipo kila mmoja humkumbuka babake.

Ndoa za Wataliano na watu wa huku si geni. Tangu miaka ya 1960, mradi wa San Marco, ule wa Wataliano wa kurusha roketi, ulipoanza Ngomeni, tumeishi nao. Kwa Wagiriama, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Zamu ya kina mama huja baadaye. Bi harusi huogopa kwamba wakweze hawataelewa. Kumbe kusini mwa Italia desturi ya jadi ni iyo hiyo! Wazee wa pande mbili wakikaa mkekani huelewana upesi kuliko wanandoa. (Mwenye kuleta shida ni yule baba anayetaka jina la mchezaji mpira.)

Makaratasi sasa. Mgiriama anaweza kuandikwa jina lake, la baba, kisha la babu. Mtaliano ana jina lake na jina la ukoo, basi. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Italia mwaka 2022, mtoto hubeba jina la ukoo la baba na la mama, wazazi wasipokubaliana vingine. Tuseme mama anaitwa Dama Karisa Kahindi. Kahindi ni babu yake tu, si ukoo. Lakini likiingia kwenye daftari la Italia, linageuka kuwa la ukoo, na wajukuu watalirithi huku watoto wa kaka zake Dama hawanalo. Mkae chini mlichague hilo jina la mwisho kabla mtoto hajazaliwa, kisha cheti cha kuzaliwa, pasipoti na karatasi za Italia zifanane herufi kwa herufi. Kuandikisha kuzaliwa hapa Kenya ni ndani ya miezi 6. Ukichelewa, njia inarefuka.

Uraia hausumbui tena. Katiba ya 2010 inamtambua mtoto kuwa Mkenya mzazi mmoja tu akiwa Mkenya, popote alipozaliwa, na anaweza kuwa na uraia wa pili.

Urithi ndio hunikosesha usingizi, hasa mume aliposilimu ili aoe. Watu hufikiri kusilimu ni jambo la siku ya nikaha. La: akifa, mali yake hapa hugawanywa kwa faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya mirathi, na wanawe wa ndoa ya kwanza kule Italia, ikiwa si Waislamu, hawarithi. Akitaka wapate kitu aandike wasia, usiozidi theluthi moja ya mali, na auandike mkewe akijua.