Kumtafuta babu aliyekuwa Keya: kabla hujafika kwenye nyaraka

Familia nyingi za Kenya zina babu aliyekwenda vitani. Kuna walioambiwa alikuwa Keya, yaani King's African Rifles. Kuna waliosikia tu kwamba alifika Bama, yaani Burma, ambayo leo ni Myanmar, au kwamba alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu na hakurudi. Wanapokuja kwetu wahifadhi wa nyaraka huulizia faili lake. Mara nyingi faili la mtu mmoja halipo, lakini habari zake zaweza kupatikana ukijua alikuwa vita vipi, alitoka wapi na aliandikwa kwa jina gani.

Anza na vita. Ile ya kwanza ilipiganwa Afrika Mashariki tangu Agosti 1914 hadi 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipowakabidhi Waingereza silaha zao huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Katika ile ya pili Keya walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942 na Bama 1944. Kama hakuna anayekumbuka mwaka, ulizia rika: babu alitahiriwa na akina nani? Kifungua mimba wake alizaliwa kabla hajaondoka au aliporudi? Ikiwa nishani imesalia, usiisugue. Nishani ya vita vya kwanza kwa kawaida ina namba na jina la askari pembeni, kwenye ukingo wake, na nishani nyingi za vita vya pili zenye umbo la nyota zimeandikwa jina la uwanja wa vita, kama vile Burma.

Jina ndilo linalowakwamisha wengi. Karani aliandika alivyosikia, r ikawa l, jina la baba likaachwa, na jina la ubatizo ambalo familia inalitumia leo huenda babu alilipata baadaye. Andika kila tahajia unayoweza kuifikiria. Majina ya mahali nayo yalibadilika: Murang'a utaikuta kama Fort Hall, Nyahururu kama Thomson's Falls, na Kakamega ndani ya North Kavirondo. Muulize mzee aliye hai chifu wa wakati huo alikuwa nani, maana nyaraka za utawala zilipangwa kwa wilaya na lokesheni, wala si kwa ukoo.

Sasa nije kwa wabebaji mizigo, ambao wajukuu wao ndio hupata taabu kubwa zaidi. Mtaa wa Kariakor hapa Nairobi umepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mwaka 1917 serikali ilimpa John Ainsworth kazi ya kusimamia ukusanyaji wa wanaume kwa wingi, na amri ikashuka hadi kwa machifu. Waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kwenye sanamu za shaba za Kenyatta Avenue mbebaji mizigo amesimama pamoja na askari, lakini majina yao hayapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Kwa hiyo usipolikuta jina la babu, usidhani familia ilidanganywa.

Kwa mbebaji, tafuta kijiji chake badala ya jina lake. Fika Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue ambalo watu hupangia kukutana nje yake bila kuingia. Beba kitambulisho na ada ndogo ya usajili, kisha uombe ripoti za mwaka za mkuu wa wilaya yenu za 1917 hadi 1919. Humo utasoma habari za watu waliochukuliwa, njaa na magonjwa.

Kwa askari aliyefariki, Tume ina orodha ya bure kwenye intaneti. Inahusu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Jaribu kila jina la babu kwenye nafasi ya jina la ukoo, kwa kuwa Waafrika wengi waliandikwa kwa jina moja tu. Ukipata namba yake, inakili pamoja na herufi zake zote. Baadhi ya waliokufa katika vita vya pili wasio na kaburi linalojulikana, wakiwemo wanajeshi wa mizinga waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wameandikwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Ngong Road. Ni mahali pa kwenda na wazee.

Shajara za vita za batalioni ziko katika Nyaraka za Kitaifa za Uingereza, Kew, London. Zinakuonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, ingawa majina yaliyomo ni hasa ya maofisa Wazungu, jambo linaloniuma kila ninapozisoma. Habari njema ni kwamba mafaili ya Keya yaliyodhaniwa yamepotea yamepatikana katika hifadhi za Jeshi la Ulinzi la Kenya, na Tume inayatumia kurejesha majina ya waliokufa.

Ikiwa mzee wenu alifia vitani na hayumo kwenye orodha, iandikie Tume. Ambatanisha nakala za barua, picha au nishani, ukieleza lokesheni, chifu na ndugu waliobaki. Barua, picha na nishani zenyewe usizitume, zibaki nyumbani.