Mwalimu, kiangazi chetu ni lini?

Swali hili niliulizwa na binti mmoja wa Kidato cha Kwanza, wiki ya tatu ya Februari, kipindi cha mwisho. Nilikuwa nimechora ubaoni dunia iliyoinama kwa nyuzi 23.5, nikaorodhesha majira manne kama kitabu kinavyotaka. Kwenye mstari wa kwanza niliandika kiangazi: Juni, Julai, Agosti. Binti akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwalimu, mwezi wa saba hapa Tanga asubuhi tunajifunika shuka. Sasa kiangazi chetu ni lini?"

Saa hiyo jasho la kiganja changu lilikuwa limelowesha chaki mpaka ikawa inateleza ubaoni bila kuandika. Nyuma ya darasa wawili walikuwa wamelaza vichwa kwenye madaftari. Nilimwambia swali lake tutalijibu kwa kupima, si kwa kukariri. Huu ni mwaka wangu wa tatu kufundisha Jiografia na sijapata swali lililonifaa kama hilo.

Majira ya kitabuni hayana kosa kwao yalikotoka. Nchi iliyo mbali na ikweta huona jua likipanda sana nusu ya mwaka na kuinama sana nusu nyingine. London mwezi Juni urefu wa mchana hufika saa 16 na nusu, na Desemba hushuka hadi chini ya saa 8. Mtu wa huko hana haja ya kuambiwa kuwa majira yamegeuka. Sisi Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa ni dakika 35 hivi, haitimizi hata kipindi kimoja cha darasani. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba likielekea kusini, na mwanzoni mwa Machi likirudi. Siku hizo, saa sita ikishapita kidogo, mlingoti wa bendera pale mstarini hauna kivuli kabisa. Nimewatoa wanafunzi nje wakauzunguka wakikitafuta.

Penye fumbo ni hapa. Kama joto lingekuwa kazi ya jua peke yake, Oktoba na Machi zingelingana. Hazilingani hata kidogo. Oktoba mtu analala vizuri. Machi mwanzoni unageuza mto usiku kucha ukitafuta upande wa baridi.

Wazee wa pwani hawakuyapa majira majina kwa kutazama jua. Walitazama upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi. Kisha upepo unayumba, haujui utoke wapi, na hayo ndiyo maleleji. Masika inaingia hapo. Baada yake ni kusi, upepo wenye nguvu unaotawala hadi Agosti au Septemba. Kusi ikilegea tunaingia demani, halafu mvua za vuli, halafu kaskazi tena. Hata pande za dunia tumezipa majina ya pepo hizo: kaskazini ni kule inakotoka kaskazi, kusini ni kule inakotoka kusi. Nilipolisema hili darasani nilisikia mguno wa watu waliogundua kwamba kitu walichokuwa nacho mfukoni siku zote ni dhahabu. Nikawaongezea kwamba mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua wa siku 365, wakauhesabu kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka. Kwa hesabu hiyo walijua lini wapande na lini watweke tanga.

Chanzo cha pepo hizi ni bara la Asia. Desemba na Januari kule kumepoa, hewa yake ni nzito na imeshuka. Huku kusini mwa ikweta ardhi imepata moto, hewa inapanda, na ya kaskazini inavutwa kuja kuziba nafasi. Mfano ninaoutumia ni jiko la mkaa: moto ukikolea juu, hewa inaingia yenyewe kwa kile kitundu cha chini, hata usipopepea. Julai mambo yanageuka, Asia ndiyo inakuwa jiko, na upepo unatoka kwetu kwenda kwao. Majahazi ya Uarabuni yalikuja pwani hii kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kwa karne nyingi, na sababu ni hiyo tu.

Sasa turudi kwenye joto. Kusi inatoka kwenye bahari za kusini zenye maji ya baridi, tena inavuma kwa nguvu. Ikifika Oktoba, bahari yetu bado imepoa. Kaskazi ni upepo mpole, mawingu ni machache, mvua ya Januari na Februari ni haba, na jua linaipiga bahari mchana kutwa. Maji hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Ndiyo maana kilele hakiji siku jua likiwa juu kabisa, kinajijenga wiki baada ya wiki. Mwezi wa nane maji ya hapa huwa na nyuzi 25 au 26. Machi yanakaribia 29. Anayeogelea Raskazone analijua hilo kwa ngozi yake. Na bahari ya moto inatoa mvuke mwingi, mvuke unakaa hewani kama blanketi, usiku ardhi inashindwa kulitoa joto lake kwenda juu. Mchana nyuzi 32 au 33, alfajiri bado 24. Mwili haupati pa kupumzikia.

Nilitaka wanafunzi wauone huo mvuke, kwa hiyo tuliazima vipimajoto viwili maabara. Kimoja tulikiacha kikavu. Cha pili tulikifunga kitambaa cha pamba kwenye kile kichwa chenye zebaki, tukakichovya maji, kisha mwanafunzi mmoja akakipepea kwa jalada la daftari. Maji yakipotea kwenye kitambaa yanaondoka na joto, kwa hiyo kipimajoto kinashuka. Hewa ikiwa kavu kinashuka sana. Hewa ikiwa imejaa mvuke, maji hayana pa kwenda, kinashuka kidogo tu. Na ngozi yetu ndiyo hicho kitambaa. Lita moja ya jasho likikauka lote mwilini huondoka na joto la takriban jouli milioni 2.4, lakini jasho linalotiririka tu na kudondoka sakafuni halikupoozi.

Saa nane mchana, ndani ya darasa letu: kikavu 36, chenye kitambaa 29. Dakika kumi baadaye, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya maktaba: 32 na 27. Binti yule aliyeuliza swali ndiye aliyeandika. Alipiga mstari chini ya 36 mara mbili.

Nyuzi nne zile zimetoka wapi? Kwanza bati. Darasa letu halina dari, na bati limeshika kutu, na bati lenye kutu hunywa jua. Saa saba fundi hawezi kulishika kwa mkono mtupu. Joto lake linatushukia vichwani kama la tanuri la mikate. Pili ni sisi wenyewe. Rafiki yangu anayefundisha Hisabati alipita akakuta tunabishana, akachukua chaki. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, watoto pungufu kidogo. Wanafunzi wako 68. Akaandika 68 mara 100, akazungushia jibu duara: 6,800. "Hizo ni pasi saba za umeme zimewashwa humu ndani," akasema, "na madirisha yenyewe yako upande mmoja." Kimya kikapita. Halafu kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mwalimu, tukisinzia si uvivu?"

Nilimjibu kwamba si uvivu. Mwili unapopeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, kichwa kinakuwa kizito. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nikiwasimamisha waliosinzia kipindi cha mwisho, dakika 40 nzima, mwezi huu huu wa Februari. Naumia nikikumbuka. Wale watoto hawakuwa wamenikosea kitu.

Jumamosi iliyofuata mimi na huyo wa Hisabati tulipanda basi kwenda Lushoto kumtembelea mwenzetu wa tatu. Tulisoma chuo pamoja, tukagawana sufuria moja miaka mitatu, na ajira zilipotoka yeye alipangiwa milimani, sisi pwani. Vipimajoto nilivibeba kwenye mkoba, nimevifunga ndani ya taulo. Korogwe ilikuwa moto, Mombo moto zaidi, abiria wakipepeana kwa vipande vya maboksi. Halafu gari likaanza kupanda ile barabara ya kona, na mahali fulani kabla ya Soni mama aliyekaa dirishani akavuta kioo akafunga. Hakuna aliyemwomba. Ule mlio wa kioo kufungwa ni kitu ambacho sijausikia Tanga mwezi wa pili tangu nizaliwe.

Mwenzetu alitupokea stendi na ndoo ndogo ya peasi. Kabla hata hatujafika kwake, wa Hisabati alishapiga hesabu: kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kwa nyuzi 6.5 hivi; Lushoto iko karibu mita 1,400; kwa hiyo tutoe tisa kwenye 33 za Tanga. Tulipopima kibarazani saa nane mchana tulipata kikavu 25, chenye kitambaa 19. Hesabu yake ilisema 24. Alifurahi kama aliyeshinda kikombe.

"Nyie mnanionea wivu sasa," mwenyeji wetu akasema akimenya peasi. "Njooni Julai. Asubuhi nikishika chaki vidole vimekufa ganzi, na watoto wangu wengine hawana sweta." Kwao taabu ya darasa ni ya Juni na Julai, kwetu ni ya Februari, na mtaala ni mmoja, kalenda ya mitihani ni moja. Tulikaa pale kibarazani mpaka giza likaingia tukizungumza watoto wetu kwa jina mmoja mmoja, yupi amerudi, yupi hajaonekana tangu shule zifunguliwe. Wa Hisabati alisinzia kwenye kiti huku kajifunika kitenge cha mwenyeji. Nililala usingizi ambao nilikuwa sijaupata tangu Krismasi.

Jumatatu nilienda kwa mwalimu wa taaluma na daftari lenye vipimo vya siku kumi za shule. Sikwenda kulalamika, nilimfungulia tu ukurasa. Alisoma, akatoka akaenda kusimama ndani ya lile darasa saa nane ile ile, akarudi ameloa mgongo. Wiki hiyo hiyo akapanga upya ratiba ya Kidato cha Kwanza: Hisabati na Fizikia zikahamia asubuhi kabla ya saa nne, na vipindi viwili vya mwisho vikawa vya kusoma, chini ya mwarobaini, hadi mvua zianze. Madaftari ya kwanza niliyoyasahihisha baada ya hapo yalikuwa na sentensi zilizokamilika hadi mstari wa mwisho.

Kama ningeulizwa, ningesema hivi: shule ya pwani inapojengwa, dari na madirisha ya pande mbili vihesabiwe pamoja na madawati, na miti ipandwe siku msingi unapochimbwa. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha jua jingi juu lilikotoka. Mwarobaini unahitaji miaka michache tu kutoa kivuli cha darasa zima. Haya hayahitaji mtaalamu kutoka mbali.

Jioni moja nilishuka Sahare kununua samaki, nikamkuta mzee ninayemnunulia siku zote amekaa juu ya ngalawa yake anatazama maji. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Kaskazi imechoka." Nilimuuliza anajuaje. Akanionyesha kwa kidevu tu: bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sinia, haina hata mkunjo. Alinieleza kwamba kaskazi ndiyo msimu wao, maji yanatulia na unaweza kwenda mbali, ila barafu inayeyuka njiani na samaki hawasubiri. Sasa ataanza kukagua tanga na kuziba nyufa, kwa sababu kusi haina masihara. Nilimwambia kesho nitawaeleza watoto. "Waambie waje wenyewe," akasema. "Hii haionekani ubaoni."

Nikawapeleka, kumi na wawili waliopata ruhusa nyumbani. Mzee aliwasimamisha ufukweni, akawaambia wafumbe macho na waseme upepo unawapiga shavu lipi. Walikaa hivyo muda mrefu. Mmoja alisema kulia, mwingine akasema kushoto, wa tatu akasema haumpigi popote.

Binti yule anaendelea na daftari la vipimo. Jana, tarehe 14 Machi, kaandika: kikavu 33, chenye kitambaa 29, mawingu mazito upande wa bara, upepo hakuna. Pembeni, kwa kalamu nyekundu ambayo sijui aliitoa wapi, kaongeza neno moja: maleleji.