Gari la umeme likinuka kuungua, anzia kwenye plagi

Mtu akinipigia simu kuwa gari lake la umeme linanuka kuungua, nataka kwanza kujua lilikuwa likifanya nini harufu ilipoanza. Lilikuwa likichajiwa? Likienda? Au limeegeshwa tu? Jibu hilo hunionyesha pa kushika kabla sijafungua boneti.

Gari la petroli lina mengi ya kuungua: oili inayodondokea ekzosi, klachi, mfuko wa plastiki ulionaswa chini. Gari la umeme halina ekzosi wala klachi, kwa hiyo washukiwa ni wachache. Wenye magari wengi huwaza betri kubwa papo hapo. Mimi huanzia ukutani, kwenye soketi.

Hapa Mombasa nayaona zaidi Nissan Leaf yaliyotumika Japani. Waya wa kuchajia unaokuja nayo umetengenezewa soketi ya Kijapani ya volti 200, nao huvuta takriban ampea 15. Ukifika huku plagi haiingii, basi mtu huikata na kufunga ya pini tatu ya ampea 13. Gari linachaji, kila mtu anafurahi. Lakini fyuzi ya 13 iliyo ndani ya plagi hiyo haikatiki kwa ampea 15. Hustahimili saa nyingi. Birika la umeme huchemka dakika chache likazimwa. Gari huvuta usiku kucha.

Joto katika kiungo cha umeme hupanda kwa mraba wa mkondo. Kutoka ampea 10 hadi 15, joto huongezeka zaidi ya mara mbili. Pini iliyolegea au iliyoshika kutu ya chumvi, na hewa yetu ya pwani haina huruma, ikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, hutoa wati 22 kwenye kipande kidogo cha shaba. Plastiki inayokizunguka huanza kupikika. Mara nyingi hutoa shombo, kama samaki aliyelala, na nimeona familia ikitafuta samaki jikoni ilhali soketi ya barazani ndiyo inayoungua.

Kukagua ni rahisi. Baada ya saa moja ya kuchaji, zima swichi ya ukutani, kisha shika plagi. Uvuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuishikilia, usichaji hapo tena. Tazama pini ya upande wa fyuzi, maana ndiyo hugeuka kahawia kwanza. Kubadilisha plagi peke yake ni kuahirisha tatizo, kwa sababu soketi iliyopata joto imeshalegea. Ninachofunga mimi ni waya wa milimita mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa fyuzi, breka yake ya ampea 20, kifaa cha kukata stima inapovuja, na soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 32. Hela zinauma, lakini hapo sitanii na mtu.

Harufu ikija baada ya safari, inama kwenye magurudumu. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota, ambayo hurudisha umeme kwenye betri, na hivyo breki zenyewe hutumika kidogo. Pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, hukaa bila kazi, zinashika kutu, na pedi inabaki imebana diski. Gurudumu moja litakuwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili. Lipime kwa kipimajoto cha infraredi, usiguse kwa mkono, wala usilimwagie maji.

Harufu ya vumbi linaloungua kwenye hita huwashangaza wanaopanda Limuru kwenye baridi ya Julai, lakini huisha yenyewe. Harufu ya yai viza hutoka kwenye betri ndogo ya volti 12 inayochajiwa kupita kiasi. Zima gari, fungua hewa, usiwashe kiberiti karibu, na ita fundi.

Sasa betri kubwa. Seli, yaani kijibetri kimoja kati ya vingi vilivyo ndani yake, ikipasuka, harufu huwa tamu na kali, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na pengine utasikia mlio wa kupasukapasuka au kuona moshi mweupe mzito ukitambaa chini ya gari. Hapo hakuna uchunguzi. Shusha watu, nendeni mbali upande upepo unakotoka, kwa sababu hewa ile ni sumu na inashika moto, kisha waiteni wazima moto mkiwaambia wazi kuwa ni gari la umeme. Moto wake unaweza kuzimika ukawaka tena baada ya saa nyingi. Na nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkali wa betri hiyo, hazifunguliwi na fundi asiye na glavu za volti 1,000, hata gari likiwa limezimwa.

Watu wa pwani wazingatie na maji ya chumvi. Mwaka 2022, baada ya kimbunga Ian kule Florida, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yalishika moto yakiwa yameegeshwa, mengine siku kadhaa baadaye, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ya betri hupitisha umeme. Gari lako likizama namna hiyo, usilichaji wala usiliwashe hata kama halinuki chochote. Livutwe, likae uwanjani mbali na nyumba na magari mengine, mpaka betri ifunguliwe na kukaguliwa.